Sukuma wiki na soseji katika kikaango kimoja, kwa dakika 25

Kinachoharibu chakula hiki ni maji. Maji yaliyobaki kwenye majani baada ya kuoshwa, maji ya nyanya tatu zilizotiwa mapema, na mvuke uliofungiwa chini ya kifuniko. Yakikutana hayo, soseji inachemka badala ya kukaangika, sukuma inapoteza rangi, na kinachofika mezani ni mchuzi mwepesi ambao watoto wanauokotea vipande vya nyama na kuiacha mboga. Nilipika hivyo kwa miaka nikiamini ndivyo kilivyo. Nilipobadilisha mpangilio tu, bila kuongeza hata kiungo kimoja, sahani zilirudi jikoni tupu.

Mpangilio wenyewe ni huu: soseji inaingia peke yake mpaka ishike rangi, kisha inatolewa. Kitunguu kinaokota ukoko ulioachwa na soseji. Majani yanaingia yakiwa makavu, moto mkali, kikaango wazi. Soseji inarudi mwishoni. Mboga zikiwa zimeshaoshwa na kukatwa, ukiwasha moto wa soseji saa moja na nusu jioni, saa mbili kasoro dakika tano mnakula.

Vipimo vya watu wanne wanaokula na ugali

Chukua sukuma gramu 500 hivi, ambazo kwa mama mboga wangu ni mafungu mawili ya wastani. Soseji tano au sita, zisizidi gramu 300. Kitunguu maji kimoja kikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya moja iliyoiva vizuri, nusu ya pilipili hoho ukipenda, nusu ya limau au ndimu moja, na mafuta kijiko kimoja cha chakula. Chumvi iweke karibu lakini usiiguse kwanza. Dania na pilipili kali ni hiari ya nyumba.

Utaona mboga ni nyingi na soseji ni chache. Nimekusudia hivyo, na si kwa sababu ya bei peke yake. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Lilikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Maneno ya kushika hapo ni "kila siku". Mimi napika chakula hiki mara moja kwa wiki, mara nyingine mbili kwa mwezi, na soseji kwangu ni kiungo cha kuungia mboga. Ukitaka pakiti nzima iishe jioni moja, pika kitu kingine.

Ugali kwanza

Ukiwa na meko moja tu, kama jikoni nyingi za Nairobi, anza na ugali. Ugali uliofunikwa vizuri kwenye sufuria yake, au uliogeuzwa kwenye sahani na kufunikwa na bakuli, unakaa moto zaidi ya dakika 20, wakati sukuma ikikaa dakika tano tu imeshaanza kutoa maji. Wenye meko mbili wapike sambamba. Wali nao utangulie.

Kuchagua na kuosha majani

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kazi kubwa ya chakula hiki inafanyika kabla moto haujawashwa.

Majani mazuri ni yale ya ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, ya kijani kilichokolea, yanayolia "kwach" ukiyavunja kikonyo. Jani kubwa kama sinia lina nyuzi na linataka kupikwa muda mrefu, nasi hatuna muda huo. Jani lenye manjano pembeni limekaa sokoni.

Baadhi ya sukuma inayouzwa Nairobi inakuzwa kandokando ya mito iliyochafuliwa na maji taka. Kuosha kunaondoa udongo, wadudu na vijidudu vya juu, lakini madini mazito ambayo mmea umeshayanywa hayatoki kwa maji wala kwa moto. Kinga yangu ni kununua kwa mama mboga mmoja yuleyule, ninayemwuliza mzigo wa leo umetoka wapi naye akaniambia: Kinangop, au Limuru, au hajui, na siku asiyojua nanunua kabichi. Mwenye nafasi ya gunia moja la udongo mlangoni anaweza kujiotesha sukuma yake. Kibera watu wanafanya hivyo kwenye vichochoro vya hatua mbili, wakipanda juu ya gunia na kwenye matundu ya ubavuni.

Mama mboga atataka kukukatia papo hapo, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu na wako. Raha hiyo ina gharama. Jani likishakatwa nyuzinyuzi halafu likaoshwa, vitamini C na foleti zinakwenda na maji, na udongo uliokuwa juu ya jani moja unasambaa kwenye vipande mia. Shangazi aliyenilea hakuruhusu kisu kiguse mboga ambayo haijaoshwa. Basi chukua majani mazima ukakate nyumbani, ama mwombe mama akuoshee kwanza kwa maji safi ndipo akate.

Nyumbani, jaza beseni maji, tia kijiko cha chumvi, zamisha majani kwa dakika tano. Vidukari wanaojificha upande wa chini watajiachia. Yainue majani kwa mikono uyatoe majini. Usiyamwage pamoja na maji kwenye chujio, maana mchanga uliozama chini utayarudia. Suuza mara ya pili kwa maji ya mfereji.

Halafu yakaushe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa. Yakung'ute kwa nguvu, yatandaze juu ya kitambaa safi, yakunje ndani ya kitambaa hicho na ubonyeze. Hayahitaji kuwa makavu kama karatasi. Yasidondoshe tone tu.

Ondoa vikonyo kwa kushika jani kwa mkono mmoja na kukivuta kikonyo kwa mwingine. Usivitupe. Vikatekate vidogo kama punje za mahindi, vitaingia na kitunguu. Majani yapange matano matano, yaviringe kama mkeka, ukate vipande vyembamba vya upana wa nusu sentimita hivi. Ukikata nyembamba sana kwa kikaango, yanakauka na kuwa kama nyasi. Ukikata pana, yanakataa kushikana na ugali.

Soseji

Kabla hujafungua pakiti, isome. Soseji za kawaida nyingi ni mbichi na lazima ziive ndani. Smokie, zile zinazouzwa kwenye vitoroli vya stendi zikipasuliwa na kujazwa kachumbari, zimeshapikwa na kufukizwa moshi kiwandani. Namna ya kuzipika si moja. Waislamu na wengine wasiokula nguruwe waangalie pia ganda la nje, kwa sababu soseji ya ng'ombe inaweza kuvishwa ganda la mnyama mwingine. Nembo ya halali kwenye pakiti inamaliza shaka.

Kama ni mbichi, ziweke nzima kwenye kikaango, tia maji robo kikombe na kijiko cha mafuta, washa moto wa wastani. Nimelaani maji hapo juu, lakini haya ni ya kazi na yataondoka yote. Yanaivisha soseji hadi katikati kabla ganda halijaungua. Baada ya dakika sita au saba maji yatakuwa yamekauka na mafuta yataanza kulia. Hapo zizungushe taratibu mpaka zishike rangi ya kahawia pande zote, dakika nne hivi. Usizitoboe kwa uma, kwa sababu mafuta yanayotoka ndiyo yanayobeba ladha, na yakitoka wakati maji bado yapo yanaruka hovyo. Zitoe, zipumzike dakika mbili, ndipo uzikate mshazari vipande vya unene wa kidole.

Kama ni smokie, zikate kwanza, zitandaze kwenye kijiko cha mafuta ya moto, na uziache. Usizigeuze geuze. Dakika mbili upande mmoja, dakika moja upande wa pili, zitoe.

Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati: nyuzi 71 za Selsiasi kwa soseji mbichi ya ng'ombe au nguruwe, 74 kwa ya kuku. Asiye nacho akate moja katikati aangalie. Isiwe na uwaridi mbichi, na maji yanayotoka yawe meupe. Wala usidhani kilichopikwa kiwandani hakihitaji moto. Kati ya 2017 na 2018, Afrika Kusini ilipata mlipuko wa bakteria ya listeria uliofuatiliwa hadi kwenye poloni, nyama inayoliwa ikitoka pakitini, na watu zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Mjamzito hasa asile smokie ya vuguvugu. Iungurume kikaangoni mpaka itoe mvuke.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, usikate miduara. Kipande cha duara kinaziba koo lake sawasawa. Ipasue soseji kwa urefu mara nne, kisha ikatekate ndogo.

Kikaango chenyewe

Kikaango kipana kuliko kirefu ndicho kinachofaa, sentimita 28 hivi, kizito kidogo. Upana unaruhusu mvuke utoke. Karai la chuma linafanya kazi nzuri sana, hata kwenye jiko la makaa. Sufuria ya ugali yenye kuta ndefu inafungia mvuke hata usipoifunika. Ukiwa na sufuria tu, gawa mboga mara mbili.

Kuunga

Soseji zimetoka. Angalia chini ya kikaango: kuna mafuta na kuna ukoko mwembamba wa kahawia. Usioshe. Mafuta yakizidi vijiko viwili, mwaga yaliyozidi. Yakipungua, ongeza kidogo. Ukoko ukiwa mweusi umeungua na utatia uchungu, basi huo futa na uanze na mafuta mapya.

Moto wa wastani. Tia kitunguu kilichokatwa pamoja na vile vikonyo. Kitunguu kitatoa unyevu wake mdogo, nao ndio utakaolegeza ukoko. Pitisha mwiko wa mbao chini ukikwangua. Baada ya dakika nne kitunguu kimelainika na kila kipande kimepata rangi ya soseji. Ukifanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili, kwa sababu hapa ndipo mboga inapopata ladha ya nyama hata kabla haijakutana nayo tena. Tia kitunguu saumu na hoho, geuza nusu dakika.

Nyanya sasa. Watu wengi nyumbani kwetu hawaoni mboga kuwa imeungwa bila nyanya, nami siwapingi, lakini iwe moja na iive kabla ya majani kuingia. Ikatekate ndogo, itie, iponde kwa mwiko, usubiri mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ni dakika mbili au tatu. Wanaotia unga wa mchuzi mix watie hapa, nusu kijiko cha chai, wakikumbuka kwamba una chumvi na soseji ina chumvi. Mimi nimeuacha, ukoko unatosha.

Pandisha moto hadi mwisho. Tia nusu ya majani, geuza kutoka chini kwenda juu kama unayekunja nguo, na yakishasinyaa tia nusu iliyobaki. Ukiyatia yote kwa pamoja, kikaango kinapoa na majani yanaanza kutoa maji. Endelea kugeuza. Usifunike. Majani ya kijani yana asidi zao, na ukifunika, asidi hizo zinarudi na matone ya kifuniko na kuiua rangi. Kikaango wazi kinaziacha ziende na mvuke. Dakika nne au tano zinatosha: jani limelainika, bado linang'aa, na ukiuma kuna ukinzani kidogo.

Rudisha soseji pamoja na mchuzi uliojikusanya kwenye sahani yake. Geuza dakika moja. Onja. Sasa ndipo unapoamua chumvi, na mara nyingi hutaihitaji. Zima moto, kamulia limau. Limau likitiwa mapema linafanya ile kazi ya kifuniko, yaani linageuza kijani kuwa rangi ya kahawa. Likitiwa mwishoni linakata mafuta ya soseji, na vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Dania juu. Pakua mara moja.

Ukikosa sukuma

Mchicha, ambao wengi Kenya wanauita terere, unachukua dakika mbili au tatu tu na unasinyaa sana; nunua mara moja na nusu ya sukuma. Spinachi ya sokoni kwetu, ile yenye kikonyo kipana cheupe, ni jamii moja na bitiruti na ina maji mengi, hivyo iache nyanya kabisa. Matembele na figiri za Tanzania zinakubali mpangilio huu bila kubadilisha kitu. Kabichi iliyokatwa nyembamba inataka dakika moja zaidi na pilipili manga.

Mnavu na majani ya kunde yaliyokomaa yanataka kuchemshwa kwanza, kwa hiyo si chakula cha haraka. Kisamvu usikijaribu kamwe kwa njia hii. Majani ya muhogo yana viambata vinavyozalisha sumu ya sianidi, na kinachoviondoa ni kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, wala si kukaangwa dakika tano.

Walio ughaibuni wataipata sukuma yenyewe, au ndugu yake wa karibu sana, katika maduka ya Marekani kwa jina la collard greens. Ujerumani, tafuta Grünkohl majira ya baridi. Watu wa Bremen na Oldenburg wanaipika hiyo na soseji iitwayo Pinkel, ila wao wanaiacha motoni kwa saa nzima na zaidi. Wareno wana supu ya caldo verde, mboga ya ukoo huuhuu ikikatwa nyembamba kama nywele, na vipande vichache vya soseji juu. Mwenye mkono wa mama mboga angeajiriwa huko siku hiyohiyo.

Kiporo

Soseji mbichi zikae kwenye friji, nyuzi 4 au chini ya hapo. Asiye na friji anunue idadi ya jioni hiyo tu, kwenye duka ambalo friji yake inafanya kazi. Pakiti iliyolainika na kujaa maji iache hapohapo dukani. Chakula kikibaki, kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu kipikwe, na kiliwe kesho yake.

Asubuhi kipashe kwenye kikaango kikavu mpaka kitoe mvuke, sogeza pembeni, pasua mayai mawili katikati, yakianza kushikana changanya. Viringisha ndani ya chapati. Chapati ya jana inafaa pia; ipashe kwenye kikaango hichohicho kabla hujakiosha.